Mkuu wa shule na walimu wake: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu ugomvi wa ofisini

Nimefundisha Hisabati shule za kata, nikawa akademiki (mwalimu wa taaluma, yule anayepanga ratiba), nikawa makamu, sasa hivi ni mkuu wa shule, kwa hiyo barua za kujieleza nimezipokea na nimeziandika pia. Simu za namna hii napigiwa sana, hasa mwezi wa kwanza ratiba ya vipindi ikitoka na kuanzia mwezi wa tisa watu wakianza kunusa majina ya wasimamizi wa mitihani. Mengi hapa ni ya shule za serikali Tanzania bara, za binafsi nimezigusa huko chini.

Hivi kwa nini shule nyingi mkuu na walimu hawaivi?

Watu watakwambia ni wivu, ni roho mbaya, wengine wanasema ushirikina (usicheke, hilo nimelisikia kikaoni kabisa na limeandikwa kwenye muhtasari). Mi naona ni mambo yanayofanyika kimya kimya. Chukua ugomvi wowote ule uufuatilie mpaka ulikoanzia, utakuta kuna kitu kilikuwa cha wote kikaamuliwa nyuma ya mlango. Nani kaenda semina, nani anasimamia form four, nani kapewa nyumba ya shule, kwa nini huyu ana vipindi 28 na yule 12. Mkuu anaweza kuwa na sababu nzuri tu, ila asipoisema watu wanaitunga wenyewe, na stafu ikitunga sababu haitungi iliyo nzuri.

Shule moja niliyokuwa akademiki miaka miwili mfululizo waliokwenda kusimamia mitihani ni walewale wawili. Ofisi ikachafuka, watu wakaacha hadi kuchangia chai, ikasemwa mkuu anagawana nao posho. Kumbe majina yalikuwa yanakuja na barua kutoka wilayani, mkuu anaiweka kwenye droo anawaita wale wawili pembeni anawaambia kesho mwende. Makamu ndo aliyekuja kuichukua ile barua akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Chai ikarudi wiki ileile. Karatasi moja na pini nne.

Mkuu amenifokea mbele ya wanafunzi. Nimjibu?

Usimjibu pale pale. Najua inauma, na najua kuna wenzako watakusifia ukimjibu, ila hao wanaokusifia hawatakuwepo siku unaandika maelezo. Ukijibizana mbele ya watoto kosa lililokuwa lake linakuwa lenu wote wawili. Ingia darasani maliza kipindi, hasira zikishuka mfuate ofisini, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, usiache ikae wiki. Mwambie kwa kifupi: "Mkuu, jana niliumia ulivyonisema mbele ya form two, nikikosea naomba uniite." Usianze kumkumbushia ya mwaka juzi.

Wakuu wenzangu na nyie. Mwalimu akishadhalilishwa mbele ya darasa huyo darasa halimsikii tena, na asiposikika matokeo yakiwa mabovu unaitwa wewe. Tunaolikumbuka la Bukoba mwaka 2009 tunajua, pale mkuu wa wilaya alipoagiza walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kisa ufaulu, walimu nchi nzima waliwaka na Rais Kikwete akamtoa kwenye nafasi. Fimbo ya mdomo nayo ni fimbo.

Mkuu anapiga mstari mwekundu saa 1:30 kamili na mimi nakaa mbali. Ananionea?

Daftari la mahudhurio ni kazi yake, hapo hakuonei. Anaonea kama mstari unawahusu baadhi tu na kuna watu wanasaini saa tatu juu ya mstari. Sasa hapo usiende kumwambia "mbona fulani", utagombana na watu wawili kwa mkupuo. Mwambie shida yako ya usafiri kabla hujachelewa, wakuu wengi tunaelewa ukisema mapema, mi mwenyewe nina madam anatoka kilomita 20 kwa bodaboda na nilimwambia akademiki asimpangie kipindi cha kwanza. Ila kuna tofauti ya kuchelewa na kutoonekana kabisa, ukikosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa hilo ni kosa kubwa linaloweza kukutoa kazini, na hapo hata mkuu anayekupenda hawezi kukuficha.

Nimepewa barua ya kujieleza. Ndo nafukuzwa?

Hapana, tulia. Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu wanaharibu hapa hapa.

Mkuu wa shule (na mwalimu mkuu kwa shule ya msingi) ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi, mambo ya onyo na karipio. Kukufukuza hawezi. Makosa makubwa yanakwenda kwenye kamati ya TSC ya wilaya, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Na huko nako kuna hati ya mashtaka, kuna kujibu, kuna uchunguzi, kuna rufaa. Kwa hiyo mkuu akikwambia "nitakufukuza" ni maneno ya hasira tu, anachoweza ni kuanzisha safari.

Sasa makosa ninayoyaona. La kwanza mtu anakataa kupokea barua. Unakataa ili iweje? Ataandika kwamba umekataa, atatia shahidi, na sasa una makosa mawili. Pokea, saini, andika tarehe na saa uliyopokea, piga picha. La pili ni kujibu usiku uleule na moto kichwani, nimewahi kupokea majibu ya kurasa nne ambayo robo tatu ni historia ya maisha yangu mimi, lile kosa lenyewe halijaguswa. Jibu kilichoulizwa. Umeulizwa kwa nini tarehe fulani hukuingia kipindi cha tano 3B, jibu kuhusu kipindi cha tano 3B. Kama ulikuwa hospitali ambatanisha karatasi. Kama ulikosea sema ulikosea, kuna watu wanaona aibu kuandika neno hilo lakini barua fupi yenye kukiri imezima kesi nyingi kuliko utetezi. La tatu ni kutojibu kabisa, ukinyamaza faili linabaki na upande mmoja tu.

Tunza nakala ya kila kitu. Nyumbani, si kwenye droo ya ofisini.

Na wakuu, tusifanye barua kuwa salamu. Kuna shule mwalimu ana barua saba kwa mwaka na hajawahi kuitwa hata mara moja akaulizwa "una shida gani". Barua ya saba haimtishi tena mtu, anaifungia vitumbua.

Naruhusiwa kuuliza hela za shule au naambiwa nachimba?

Unaruhusiwa, na hili nataka nikae nalo kidogo maana ndo linaloua shule.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 shule za serikali zinapokea ruzuku ya uendeshaji, hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na sehemu yake inabaki kwa ajili ya vitabu, haiji yote mkononi. Ukigawanya kwa miezi ni hela ndogo mno. Shule ya msingi yenye watoto 400 kinachofika kwa mwezi ni kama laki mbili, hapo kuna chaki, kuna karatasi za mitihani, kuna kufuli limeibiwa, kuna choo kimejaa. Mwalimu asiyejua hizo namba anasikia tu "hela imeingia" anadhani mkuu anajenga nyumba. Na kweli mkuu anajenga nyumba, lakini kwa mkopo wa benki kama wewe.

Dawa ni kubandika. Mi nabandika kila mapokezi, kiasi, tarehe na ilivyotumika, pale pale kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Mwanzoni niliambiwa na mkuu mwenzangu kwamba najivua nguo. Mwaka wa pili hakuna mtu aliyekuwa anasoma tena ile karatasi, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Balaa kubwa liko kwenye ujenzi. Siku hizi madarasa mengi yanajengwa kwa fosi akaunti, shule inanunua vifaa yenyewe na kutafuta fundi, zile za fedha za Uviko mwishoni mwa 2021 darasa moja lilipangiwa milioni 20. Kwenye shule kunaundwa kamati, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, na wajumbe wengine ni walimu wa kawaida. Sasa unaitwa kipindi cha nne, "mwalimu njoo usaini hapa saruji imefika", unasaini unarudi darasani na saruji hujaiona. Mwaka kesho wakaguzi wanakuja wanakuta mifuko haipo na saini ni yako. Usisaini mzigo ambao hujauhesabu. Mkuu akinuna mwambie kwa heshima, "Mkuu nitasaini, twende nikahesabu kwanza," ukisema hivyo umemlinda na yeye pia maana muuza duka naye anapunja. Na kama analazimisha, andika pembeni ya saini yako kwamba mzigo hukuuhakiki. Kuna mwalimu namfahamu alisaini kwa kumwonea aibu mkuu wake tu, miezi kadhaa akawa anakwenda kuhojiwa, na urafiki wao ukafia humo.

Mkuu hajaidhinisha kazi zangu kwenye PEPMIS (mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi), anafanya makusudi?

Inawezekana, lakini kwanza uliza. OPRAS, ule upimaji wa zamani wa makaratasi, ilivyotoka na mambo yakahamia kwenye mfumo, mkuu mmoja ana walimu 30 au zaidi wa kuwapitia, na mtandao wa huku kwetu unaujua. Wengine, tuseme ukweli, hawajui kuutumia wanaona aibu kusema, wanamtafuta mwalimu kijana wa kompyuta wanampa hadi nywila, na hapo tayari mgogoro mwingine umezaliwa kwa sababu huyo kijana sasa ndo anajua maksi za kila mtu. Usimpe mtu nywila yako na mkuu asigawe ya kwake. Ukimkumbusha mkuu mkumbushe kwa ujumbe wa maandishi wenye tarehe, ili siku ya madaraja usibaki na "nilimwambia kwa mdomo".

Nimeteuliwa mkuu mpya, walimu wakongwe hawanisikii. Niwakazie?

Pole na hongera. Utakuta pale kuna mwalimu aliyeanza kazi wewe uko darasa la tano, mshahara wake unauzidi wako hata ukiongeza na ile posho ya madaraka, na kijiji kizima kinamwita mwalimu wakati wewe wanakuita "yule mgeni". Ukimkazia huyo umekwisha.

Wiki za kwanza usibadilishe kitu. Nenda kaa naye, muulize shule hii imekuwaje, nani aligombana na nani, mwamkie shikamoo hata kama wewe ndo bosi, cheo hakifuti umri. Halafu mpe kitu cha kweli cha kufanya, si uenyekiti wa kamati ya mazishi. Mi nilimkuta mzee wa Kiswahili aliyekuwa hasaini daftari miaka na miaka, wakuu watatu waliopita walimwandikia barua mpaka wakachoka, nikamwomba awe ananisaidia kuwapokea walimu wapya na kuwaonyesha namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Sasa huwezi kuwafundisha walimu wapya taratibu na wewe husaini, akaanza kusaini mwenyewe. Sitasema inafanya kazi kwa kila mzee. Kuna wengine wamegoma tu na hao unakwenda nao kwa taratibu, pole pole, kwa maandishi.

Ofisini kuna chawa wa mkuu wanapeleka kila neno.

Chawa hawezi kuishi pasipo damu, mkuu akiacha kusikiliza wanakufa. Mtu akija kwangu na "fulani kasema" namwambia ngoja nimwite tuongee watatu, mara nyingi anakumbuka ana kipindi. Kwa wewe mwalimu, ongea vitu ambavyo hata vikifika havikuvunji mguu.

Grupu la WhatsApp la stafu limekuwa uwanja wa vita, tufanyeje?

Grupu liwe la matangazo. Kikao saa ngapi, nani zamu, msiba uko wapi. Ikianza kulaumiana mkuu asijibu humo hata kama anasemwa yeye, kwa sababu maandishi hayana sauti, "sawa mkuu" inaweza kuwa heshima au tusi na hutajua. Na wakuu wa kutuma "naomba takwimu za yatima kabla ya saa 12 asubuhi" saa tano usiku, najua nawe umetumiwa na afisa elimu kata naye katumiwa na wilaya, sema basi kwamba imetoka juu, usiibebe kama ni amri yako.

Nimemchapa mwanafunzi, mzazi kaja juu, mkuu kaniruka.

Hapa lazima niwe mkweli hata kama hutapenda. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Je uliteuliwa kwa maandishi? Kama hapana, mkuu hakukuruka, ulikuwa peke yako tangu mwanzo. Lakini mkuu anayesema kikaoni "mkazieni hawa watoto" halafu mzazi akija anasema "mimi sijui" huyo anastahili lawama, na mwombeni aandike huo mkazo kwenye karatasi muone kama ataandika.

Nina mtoto mchanga, mkuu ananinyima kutoka kwenda kunyonyesha.

Ni haki yako kisheria, mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kaa na akademiki mpange vipindi vyako vikae pamoja, ukija na ratiba imeshapangwa mkuu anakosa la kusema.

Mkuu ananitaka kimapenzi na nikikataa ananipangia zamu kila wiki.

Hilo si suala la kupatanishwa na wazee wa stafu, usikubali kikao cha "yaishe". Ni rushwa ya ngono, iko kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113. Tunza meseji, usizifute kwa hasira, mwambie mtu mmoja unayemwamini mapema, na usikubali kuitwa ofisini jioni watu wakishaondoka.

Tumeongea imeshindikana, naanzia wapi kupeleka?

Anzia karibu. Makamu, au mwalimu mtu mzima anayeheshimiwa na wote wawili. Halafu mwakilishi wa CWT (Chama cha Walimu) shuleni kama wewe ni mwanachama (unakatwa asilimia 2 kila mwezi, mtumie basi), halafu afisa elimu kata. Ikivuka hapo ni maandishi, kwa mkurugenzi kupitia ofisi ya elimu, na ya nidhamu au madaraja ofisi ya TSC ya wilaya. Barua ya kiutumishi inapita kwa mkuu, ile K.K. (kupitia kwa) mnayoiandika juu. Watu wananiuliza "sasa barua ya kumlalamikia yeye ipite kwake?" Ndiyo, mpe, akikataa kuipitisha peleka nakala na ueleze kwamba alikataa tarehe fulani. Ukiruka ngazi zote ukaenda kwa mkuu wa mkoa au kwa waandishi wa habari, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza chini, na ukisema hapana hoja yako nzuri inakufa. Mahakamani na kwenyewe mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani.

Si bora niombe uhamisho tu?

Saa ingine ndiyo. Kama afya yako inaharibika usikae kuonyesha ushujaa. Ila usihame na kesi wazi, itakufuata kwenye faili, na usihame kwa hasira kabla hujapata mtu wa kubadilishana naye, utaishia kukaa mwaka mzima kwenye shule ambayo umeshawaaga watu wote kwa matusi.

Shule binafsi je?

Huko hakuna TSC, kuna mkataba wako na sheria ya ajira ya 2004. Mgogoro mara nyingi ni wa pembe tatu, mkuu, mwalimu na mwenye shule, na mkuu mwenyewe naye anaogopa kuachishwa. Omba mkataba wa maandishi siku ya kwanza. Ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), kwa madai mengine siku 60, na nimeona watu wenye haki kabisa wakikosa kwa sababu walikuwa wanasubiri mwenye shule "apoe".

Tumepatanishwa lakini bado hatusalimiani, ni kawaida?

Kawaida sana. Kupatana kikaoni ni dakika kumi, kuzoeana tena ni kazi ya muhula. Wewe salimia, asipoitikia salimia tena kesho, ingia kazini kwako. Kuna mwalimu nilimwandikia barua kimakosa, nikaifuta kwa maandishi na nikamwomba msamaha mbele ya stafu nzima maana barua yenyewe ilijulikana na stafu nzima. Alikaa mwezi na siku kadhaa ananipita kama mti. Siku moja akagonga mlango, akasimama pale, akasema mkuu naomba chaki.